Sitaha Haikuniunguza

Sipendi wagonjwa. Nalisema hili mapema ili anayetafuta faraja ajue amebisha hodi kwa nani. Nimekaa miezi mingi kwenye mabenchi ya kliniki nikiwasikiliza, na haki ya Mungu sijaona watu wanaopenda kujisimulia kama wenye kisukari. Sasa na mimi najisimulia, kwa sababu yapo mambo ambayo ningeambiwa na mtu mwenye ulimi kama wangu labda ningeyasikia. Walioniambia waliniambia kwa upole, na mimi upole huwa unaniingia sikio hili na kutokea lile.

Naitwa Mwajuma. Nimezaliwa Busunzu, kwenye barabara ya kutoka Kasulu kwenda Kibondo, mahali ambapo maji mengi kuliko yote tuliyoyajua yalikuwa ya mtoni. Baba alikuwa na duka la nguo Kibondo na alikuwa akifuata mzigo pwani, mara nyingine pamoja nami. Huko ndiko nilikoolewa na Mpemba mmoja, Makame, nahodha. Miaka kumi na moja tuliishi ndani ya boti ya matanga ya mzungu mmoja mstaafu, aliyekuwa akija mara mbili kwa mwaka. Siku nyingine zote boti ilikuwa yetu na ya wageni waliotaka kuzungushwa visiwani: Pemba, Mafia, Songosongo, mara nyingine mpaka Komoro. Makame alishika usukani, mimi nilishika jiko.

Ndugu zangu wakiona picha kwenye simu walikuwa wakimaka kwa Kiha, "Mawe! Mwajuma yuko peponi." Pepo gani hiyo. Watu wazima wanalipa walale kwenye chumba kikubwa kama kabati, watapike siku mbili, siku ya tatu wapige picha jua, halafu waniulize kama siuchoki uzuri wote huu. Nilichoka na masufuria yao. Jaribu kupika wali wakati sakafu inakuhama miguuni, kisha uje uniambie habari za pepo. Lakini sitadanganya: niliipenda boti ile kuliko nyumba yoyote niliyowahi kulala, na niliwadharau wote wanaoishi juu ya udongo, hata walionizaa.

Sheria ya boti ilikuwa moja, kwamba hakuna viatu kwenye sitaha. Kiatu kinaleta mchanga, na mchanga unakwaruza mbao. Kwa hiyo miaka yote ile sikuvaa viatu isipokuwa siku ya soko na siku ya Idi. Sasa saa sita mchana sitaha inachemka. Wageni wakitoka chumbani wanarukaruka kama kuku aliyekanyaga majivu ya moto, na mimi napita katikati yao polepole na sinia la chai, nawaangalia kwa jicho la pembeni. Mwanzoni nami nilikuwa naungua. Mwaka wa tisa nikatambua kwamba siungui tena, nikasema haya, sasa miguu yangu imekuwa ya baharia. Nilikuwa nasimama makusudi kando ya mlingoti, pale palipo moto zaidi, ili wanione. Miguu ilikuwa inakufa, nami naipigia makofi.

Dalili nyingine zilikuwepo. Kwenye boti maji ya kunywa hupimwa, na tangi letu lilitakiwa kututosha siku tisa. Mwaka ule likawa linaisha siku ya sita. Makame akawashuku wageni, akawa anawahutubia kila asubuhi juu ya thamani ya maji, na maskini wale wakaanza kuoga maji ya chumvi na kujikuna. Mwizi nilikuwa mimi. Nilikunywa nikipika, nikanywa nikiosha vyombo, na kiu haikunitoka. Sikusema, kwa sababu mke wa nahodha anayeiba maji ya boti ni aibu ambayo huku bara hamwezi kuielewa. Nikakonda mpaka pete ikawa inacheza kidoleni. Mgeni mmoja wa kike akaniuliza nakula nini nikawa mwembamba hivi. Nikamwambia samaki na upepo, naye akaandika.

Siku tuliyogundua, tulikuwa tumetia nanga Mafia. Nilikuwa nimerudi kutoka kununua pweza, nikapanda botini, nikaona matone ya damu kwenye sitaha niliyoisugua asubuhi ile. Nikawaka. Nikawasimamisha wageni wote wanne mstari mmoja na kuwataka wanioneshe nyayo. Wakanionesha, mmojammoja, safi kabisa. Makame akaja na kamba mkononi, akatazama chini.

"Mke wangu," akasema, "mbona damu yakufuata wewe?"

Ganda la chaza lilikuwa limenipasua chini ya kidole gumba, jeraha la kuingia ncha ya kidole, na sikuwa nimehisi kitu. Wale wageni wanne hawakucheka, na hilo ndilo lililoniuma.

Makame ni mtu mwema, lakini ana ugonjwa wa watu wa baharini: anaamini maji ya chumvi yanatibu kila kitu. Akanichovya mguu baharini asubuhi na jioni. Jeraha likakataa kufunga wiki tatu, wiki sita. Zahanati moja ya kisiwani walinipima, wakaniambia ni kisukari, wakanipa vidonge. Msimu wa wageni ulipokwisha Makame akasema twende kwetu nikapumzike, hewa ya baridi itakikausha kidonda. Na kwa kuwa bara hakuna bahari, akaibeba. Nasema alijaza dumu la lita ishirini, akalifunga kwa kamba ya boti, akasafiri nalo basi baada ya basi kutoka pwani hadi Busunzu, amelikumbatia katikati ya magoti. Hakuna Muha wala Mmanyema angefanya ujinga huo. Ilihitaji mtu aliyezaliwa ufukweni.

Tulifika watu wakipanda mahindi, tukakaa kwa dada yangu Tatu. Habari za dumu zilienea kabla ya habari za mguu. Huku kwetu maji ya bahari yanaondoa mikosi, yanavuta wateja, yanarudisha waume, sijui nani aliwafundisha. Wakaja na chupa za soda. Mwenye duka la simu alitaka ya kunyunyiza mlangoni. Mama mmoja alitaka ya binti yake aliyefeli mtihani. Mganga akaja kwa pikipiki kutoka Titye, na mkoba wake wa ngozi, mtu anayetisha kata nzima, akamwomba Makame kikombe kimoja kwa heshima zote. Niliwatazama nikiwa kwenye kigoda. Watu wameishi maisha yao yote bila bahari, ghafla hawawezi kufungua duka bila bahari. Niliwacheka mpaka machozi, huku mguu wangu mwenyewe umo kwenye beseni la maji yaleyale.

Kliniki ya kisukari Kibondo ilikuwa mara moja kwa wiki. Unafika alfajiri hujala kitu, unapanga kadi yako kwenye rundo, kisha unasubiri mpaka benchi likuchore makalio. Hapo ndipo nilipowajua wagonjwa. Wanataja namba zao za sukari kama matokeo ya mpira. "Wewe ngapi leo?" "Kumi na tisa." "Kumi na tisa tu? Mimi ishirini na nne!" Yupo mwalimu mstaafu aliyefika thelathini siku moja, akatembea na sifa hiyo mwezi mzima. Mfukoni ana maandazi ya kula baada ya kipimo. Nilikaa pembeni nimewapa mgongo, nikijiambia kwamba mimi si wa kundi hili, mimi nimepitia tu.

Nesi wa vidonda alikuwa msichana anaitwa Neema, anaongea taratibu kama anayembembeleza mtoto alale. Alifungua kitambaa, akanusa, akaniuliza nakiosha kidonda kwa kitu gani.

"Maji ya bahari."

"Bahari ipi, mama?"

"Ya Mafia. Tulikuja nayo."

"Mlikuja lini?"

"Mahindi yalikuwa yanapandwa."

Mahindi sasa yalikuwa yametoa ndevu. Neema hakucheka wala hakupandisha sauti. "Mama, hayo sasa ni mchuzi," akasema. "Na tafadhali vaa viatu vya kufunika, hata ndani ya nyumba. Miguu yako haikuambii kitu."

Maji niliyaacha. Makame aliyamwaga nyuma ya choo kwa huzuni kubwa, na mama wa yule binti alikasirika. Lakini viatu nilivikataa. Tatu alininunulia raba za bluu, za kike, nikazitupa uvunguni. Mimi, niliyekuwa nikiwacheka wazungu kwa viatu vyao, nivae raba kama mtoto wa darasa la tatu, ndani ya nyumba ya dada yangu? Nilitembea peku kwenye uwanja wa Busunzu masika yote, matopeni, kwenye magunzi, kwenye vijiti vya kuni. Nikiona anayenitazama nanyoosha mgongo.

Ndugu, kama unasoma hapa na wewe una raba uvunguni, kazitoe. Sina njia tamu ya kukuambia.

Nyumbani hali iliharibika. Kidonda kilikuwa kinanuka, na harufu hiyo huizoei, ingawa watu husema utaizoea. Tatu aliwahamisha watoto wake kutoka chumba changu, akasema eti wapate nafasi ya kusoma. Akaanza kunipikia sufuria la peke yangu, mboga bila mawese, ugali wa ngumi moja. Nilimshutumu kwamba ananihesabia chakula. Naye hasira zake akazipeleka kwa Makame, ambaye hakujua kulima. Jembe lilimtoa malengelenge siku ya kwanza. Alivaa masweta mawili na kofia ya sufu, anatetemeka kwenye baridi ya Juni, na majirani walikuwa wakija kumwangalia akipalilia maharage ya dada, wakiangua vicheko.

"Shemeji," Tatu akamwambia siku moja mbele yangu, "ulimchukua mzima, umemrudisha ameoza. Kwetu hata mbuzi wa kuazima harudishwi hivyo."

Makame akasema, "Ni kweli, dada." Nilimdharau kwa kutojitetea, na nilimdharau Tatu kwa kusema nililokuwa nalifikiri. Lakini ni Tatu huyohuyo aliyekuwa ananisugua mgongo kila jioni kwa maji ya moto bila kuziba pua, na hilo nililiona, hata kama sikulisema.

Vumbi lilipoanza, kidole gumba kikawa cheusi. Neema alikitazama, akaandika barua, tukapelekwa Kasulu. Daktari pale alinipima mapigo mguuni, akasema kwa sauti ya mtu anayekutajia bei ya nyanya kwamba wakate chini ya goti, na wasichelewe. Nikamwambia hapana. Akasema atanipa siku mbili.

Siku mbili hizo ndizo nilizotaka. Mwenye boti alikuwa ameandika kwenye simu ya Makame: wageni wapya wanakuja mwisho wa mwezi, je, mnarudi? Niliusoma ujumbe ule mara kumi. Hesabu yangu ilikuwa rahisi. Kwenye boti yenye sitaha inayoinama huku na huku, mwanamke wa mguu mmoja ni mzigo. Wakinikata, boti imekwenda. Nisipokatwa, kidole kitadondoka chenyewe kama kitakavyo, na mimi nitakuwa jikoni kwangu Mafia. Nilikuwa tayari kufa kwa hesabu hiyo, na niliiona ndiyo akili.

Kwenye benchi la nje ya wodi alikaa Mkongo mmoja wa kambi ya Nyarugusu, fundi cherehani, wanamwita Papa Eliya. Suruali yake ilikuwa imekunjwa vizuri na kushonwa juu kabisa, karibu na nyonga. Akanitazama bandeji.

"Mama, wanataka kukata?"

"Wanataka. Nimesema hapana."

"Aa, ni vizuri." Akatikisa kichwa kwa adabu. "Na mimi nilisemaka hapana. Walikuwa wanataka kukata hapa." Akaonesha kwenye mguu wake mzima, kwenye kifundo. "Nikasema hapana, niko mwanaume. Kisha wakasema basi ni hapa." Akaonesha chini ya goti. "Nikasema hapana tena. Sasa ona kwenye walifika." Akapigapiga ile suruali iliyoshonwa. "Endelea tu kusema hapana, mama. Ndio vile wanapataga kazi."

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia akashone nguo zake. Kisha nikaingia wodini, nikachukua simu ya Makame alipokuwa msikitini, nikampigia mwenye boti mwenyewe kumwambia tunakuja. Yule mzungu akasema Makame alishamwambia tangu Jumatatu kwamba hatutarudi. Mume na mke wengine kutoka Tanga wameshahamia botini.

Makame aliporudi nilimpokea kwa sauti ambayo wodi nzima ilisikia. Nilimwita mnafiki, nikamwita mwizi, nikasema ameiuza nyumba yangu. Nilimwambia kwamba mwanamke wa Tanga sasa hivi yuko jikoni kwangu anapanga vikombe vyangu vibaya. Wagonjwa wakakaa vitako kutusikiliza, na mmoja akampa mwenzake karanga. Makame alisubiri mpaka pumzi ikaniishia.

"Boti tushaikosa, Mwajuma," akasema. "Ile imekwisha. Hata ukiamua kufa haitarudi. Sasa mie nakuomba kitu kimoja tu, usiniache na huku kwenu, na baridi hii, na jembe." Alikuwa analia, mtu mzima na kofia yake ya sufu, mbele ya watu.

Ilikuwa kweli. Nilikuwa nataka kuubakisha mguu kwa ajili ya boti, na boti haikuwepo. Niliomba karatasi nikaweka sahihi, nikiwa na hasira kiasi cha kuipasua kwa kalamu. Wengi mtaambiwa mtie sahihi kwa imani na utulivu. Ukiwa huna utulivu tia kwa hasira, inakubalika vilevile.

Ya wodini sitayasimulia yote. Nilichoka, nikalia, nikawachukia wanaosema "pole, Mungu amepunguza," kana kwamba Mungu ni kinyozi. Jambo moja liliniudhi kuliko kukatwa: mguu ule, uliokuwa hauhisi hata moto wa sitaha, ulipoondoka ndipo ulipoanza kuwasha. Unawasha kwenye unyayo ambao haupo, na huna pa kujikuna. Neema alikuja kunitazama siku yake ya mapumziko, kutoka Kibondo mpaka Kasulu, akanifundisha kukisugua kile kibutu kilichobaki chini ya goti, taratibu kwa kitambaa kikavu. Safari hii nilimwambia asante, na neno lilinitoka kwa shida kama mfupa wa samaki. Papa Eliya akaniletea kifuniko cha kibutu alichokishona mwenyewe kwa mabaki ya kitenge. Hakutaja lolote nililomwambia.

Tukarudi Busunzu mvua za kwanza zilipoanguka. Tuliporuhusiwa daktari alisema kila asubuhi mtu aukague mguu uliobaki, unyayo wote na katikati ya vidole, kwa sababu mimi siuhisi na wala siwezi kuinama kuuona. Makame akaichukua kazi hiyo. Sasa ana kazi nyingine pia, anafunga mizigo kwenye stendi ya Kibondo na hakuna kamba ya huku inayomshinda, lakini haondoki kabla ya kunikagua. Anapiga magoti, anaushika mguu kwenye mwanga wa mlango, anauzungusha. Nilikuwa naona ni maigizo. Nilikuwa namwambia aharakishe, chai inapoa, au namuuliza kama anatafuta visiwa.

Jumapili iliyopita walikuja wanawake watatu kutoka kijiji cha jirani, wapya katika ugonjwa huu, wameambiwa na Neema waje kwangu. Niliwaketisha jikoni kwa Tatu tangu asubuhi mpaka adhuhuri, nikawasema sawasawa. Niliwaambia wao ni wavivu, wanapenda maandazi, hawajitazami. Nikawaambia mimi sasa hakuna kinachonipita. Wakaondoka na shukrani.

Jumatatu asubuhi Makame akapiga magoti kama kawaida. Nilikuwa nimeshaanza kumwambia chai inapoa. Akausogeza mguu karibu na mwanga, akabana kitu kwa kucha, akavuta. Akakiweka kiganjani akanionesha. Kibanzi cha kuni, kirefu kama jino la kitana, chenye damu mpaka nusu. Kilikuwa kisiginoni. Kilikuwa kimo humo tangu Jumapili, nilipokuwa jikoni, nimevua raba, nikiwafundisha wenzangu, nami sikuhisi chochote.

Makame alikuwa anataka kuinuka akalete dawa ya kusafishia.

"Ngoja," nikamwambia. "Angalia tena. Taratibu."